Moreli za mti wa elmu au moreli za msitu ulioungua: ulinganisho kwa mchumaji aliyeko Marekani

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Julai, uyoga uitwao moreli huchomoza katika misitu ya Marekani, na wanaoutafuta ni watu wa namna mbili ambao ni nadra kukutana. Wa kwanza wako katika majimbo ya kati, kuanzia Missouri na Iowa hadi Wisconsin, Minnesota na Michigan. Hao huzunguka miti ya elmu (elm kwa Kiingereza) inayokufa, mitufaha iliyozeeka na kingo za mito. Wa pili wako magharibi, katika milima ya Montana, Idaho, Oregon, Washington na kaskazini mwa California, nao hufuata misitu ya misonobari iliyoteketea kwa moto mwaka uliotangulia. Jina la uyoga ni moja, na kikaangoni tofauti si kubwa kama watu wanavyodai, lakini safari, gharama, hatari na sheria zinaachana sana. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia Tabora, Songea au pembezoni mwa Lubumbashi, ambako mvua zikishika watu wote huingia porini kuchuma uyoga, atakuta kwamba ujuzi wake wa nyumbani unamsaidia upande mmoja kuliko mwingine.

Ni vyema niseme mapema ninakoegemea. Kwa familia yenye watoto, inayoishi mashariki ya Milima ya Rocky na yenye nafasi ya kutoka Jumamosi tu, moreli ya mti wa elmu haina mshindani, hata kama mavuno yake ni kiduchu. Kwa mtu mzima anayeishi Missoula, Boise au Spokane, mwenye gari linalomudu barabara za milimani na anayetaka uyoga wa kukausha na kuweka akiba, kuhangaika na miti ya mabondeni ni kupoteza muda. Anayehitaji kufikiri zaidi ni yule aliyeko Iowa au Minnesota anayesikia habari za uyoga wa milimani unaochumwa kwa ndoo, akaanza kupiga hesabu ya mafuta ya gari. Huyo ndiye hasa ninayemwandikia.

Uyoga wenyewe

Karibu moreli zote za kweli hufanana katika mambo matatu. Kofia ina vishimo vilivyozungukwa na kingo zilizoinuka, mithili ya sega la asali. Kofia hiyo imeungana na shina kwa chini badala ya kuning'inia. Na ndani kuna uwazi mmoja usiokatizwa, kuanzia ncha ya kofia hadi mwisho wa shina. Ukiupasua uyoga kwa urefu wake unapaswa kuona ukuta mwembamba wa rangi ya maziwa wenye chembechembe ndogo, na hakuna kingine ndani yake: hakuna nyama, hakuna nyuzi zinazofanana na pamba, hakuna vyumba vidogo vidogo. Kipimo hiki ni kilekile kwenye elmu na kwenye majivu, na kila mchumaji anayeanza anapaswa kupasua kila uyoga bila kuona haya.

Hadi hivi karibuni vitabu vingi vya Marekani viliziita moreli za huko kwa majina ya zile za Ulaya. Mwaka 2012 Michael Kuo na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia vinasaba kutenganisha spishi za Amerika Kaskazini, na tangu wakati huo imekubalika kwamba moreli kubwa ya njano ya majimbo ya kati ni spishi ya huko huko, ambayo leo huitwa Morchella americana. Huanza ikiwa ndogo na ya kijivu, kisha hunenepa na kugeuka njano, na katika mwaka wenye mvua nzuri huweza kupita sentimita 15 kwa urefu. Zile za msitu ulioungua ni kundi jingine: Morchella eximia, Morchella sextelata na Morchella exuberans, ambazo ni vigumu mno kuzitofautisha kwa macho, pamoja na Morchella tomentosa, ambayo ikiwa changa hufunikwa na manyoya mafupi ya kijivu kilichokolea. Hii ya mwisho ina ukuta mnene, ni nzito mkononi, na hutokea baada ya wenzake kuanza kupungua. Nyingine ni ndogo na nyembamba, rangi yake ni ya kahawia inayoelekea weusi, na kwa sababu hiyo hupotea kabisa machoni pa mtu anayezitafuta kati ya koni (matunda magumu) za misonobari zilizoungua.

Kwa ladha, maoni yangu ni kwamba moreli ya njano iliyochumwa asubuhi na kukaangwa jioni inaishinda ile ya milimani ikiwa mbichi, lakini zikishakaushwa mambo hugeuka: ile nyeusi hupata harufu nzito ambayo ya njano haiifikii. Anayepika uyoga kwa mchuzi wa karanga, kama wafanyavyo wengi wa Katanga na kusini mwa Tanzania, atapendezwa zaidi na ile nyeusi iliyokauka, maana hustahimili kuchemka kwa muda mrefu bila kupoteza nguvu yake. Ile ya njano haihitaji zaidi ya siagi na chumvi.

Kuusoma mti

Moreli ya njano ni uyoga wa mti fulani, wala si wa msitu mzima, na hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa. Mtu huweza kutembea saa tatu katika msitu mzuri wa mialoni asione hata mmoja, kisha akakuta uyoga ishirini umezunguka mti mmoja uliokaribia kuanguka. Mti huo kwa kawaida ni elmu. Ugonjwa wa kuvu unaosambazwa na mende wa magome uliingia Marekani karibu mwaka 1930 na umeendelea kuua elmu tangu wakati huo, na ni kifo hicho kinachowanufaisha wachumaji. Dhana yenye nguvu ni kwamba nyuzi za uyoga huhusiana na mizizi ya mti, na mti unapokufa uyoga hutumia akiba iliyobaki kuzaa kwa wingi. Miti ya eshi (ash kwa Kiingereza), ambayo nayo inaangamizwa na mdudu wa kijani aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, huzaa moreli pia, ingawa kwa uhakika mdogo zaidi. Mitufaha ya zamani na mipopla ya kando ya mito hufuata.

Elmu inayofaa hutambulika kabla ya uyoga kuonekana, na anayeijua huweza kutembea haraka akitazama juu, si chini. Matawi ya juu hayana majani wakati miti mingine imeanza kuchipua, vitawi vyembamba bado vipo, na gome limeanza kulegea na kubanduka kwa vipande vikubwa ingawa bado limeshika sehemu kubwa ya shina. Ukiokota kipande cha gome hilo na kukivunja, ukitazama pale kilipovunjikia utaona matabaka ya kahawia na ya rangi ya maziwa yakipishana. Hiyo ndiyo elmu ya Marekani, na hakuna haja ya kubishana tena. Mti uliobaki mweupe mtupu, usio na gome hata kidogo, umekufa zamani na kwa kawaida hauzai tena. Elmu moja huzaa vizuri kwa msimu mmoja hadi mitatu baada ya kufa, kisha huishia hapo, kwa hiyo mchumaji mwenye akili hupita kila mwaka akiweka alama kwenye elmu zinazoanza kuugua, ambazo ndizo mavuno ya miaka ijayo.

Wakati nao una kanuni zake. Udongo wa sentimita chache chini unapofika nyuzijoto 10 hadi 13 za Selsiasi, mvua ikawa imenyesha na usiku ukaacha kuwa wa baridi kali, uyoga huanza kutoka kwenye miteremko inayoelekea kusini, kisha kwenye tambarare, na mwisho kwenye miteremko ya kaskazini. Missouri msimu hushika kasi katikati ya Aprili, Iowa kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, Minnesota na kaskazini mwa Michigan mwezi Mei. Asiye na kipimajoto anaweza kutazama mitufaha: ikichanua, ni wakati wa kutoka.

Kuhusu mitufaha yenyewe kuna tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, wakulima wa matufaha Marekani walinyunyizia miti yao dawa ya risasi na aseniki ili kuua wadudu, na sumu hiyo haiozi. Bado imo katika udongo wa mashamba mengi yaliyoachwa, na uyoga una uwezo wa kuivuta. Shamba la mitufaha lililokuwepo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia si mahali pa kulishia watoto, hata kama uyoga umejaa tele.

Kuusoma moto

Katika msitu ulioungua, mtu hatafuti mti. Anatafuta moto uliofaa. Moreli hutoka kwa wingi majira ya kuchipua yanayofuata moto wa kiangazi au wa vuli, kwa sharti kwamba kilichoungua ni msitu wa jamii ya misonobari, na mavuno ya mwaka wa pili huwa sehemu ndogo ya yale ya mwaka wa kwanza. Moto wa nyasi hauleti kitu, na moto mdogo uliowashwa kwa makusudi na maofisa wa misitu mara nyingi hukatisha tamaa. Kazi kubwa kwa hiyo hufanyika mezani, miezi kadhaa kabla ya safari, kwa kutazama ramani za moto za serikali zinazoonyesha mipaka ya eneo lililoungua na jinsi moto ulivyokuwa mkali katika kila sehemu.

Ukali huo ndio ufunguo. Palipoungua kidogo, majani makavu yaliyotanda ardhini bado yapo na uyoga ni haba. Palipoungua kupita kiasi, udongo umegeuka mwekundu au mweupe kama uliokaangwa na mara nyingi hakuna kinachotoka. Mahali pazuri ni katikati: miti imekufa lakini majani yake membamba hayakuteketea, bali yalikauka na kudondoka baadaye, yakitandika zulia la rangi ya kutu juu ya majivu meusi. Mchumaji akifika hapo akaona vikombe vidogo vya rangi ya machungwa vimetapakaa ardhini, uyoga mdogo wa jamii nyingine upendao majivu, ajue udongo una unyevu na joto linalofaa, na moreli ama zimeshatoka ama ziko karibu.

Wingi wake ni wa kushangaza. Watafiti waliohesabu moreli katika msitu wa hifadhi ya Yosemite, California, ulioungua kwa moto wa mwaka 2013 walikadiria kiasi cha moreli 1,700 kwa hekta moja katika msimu uliofuata, huku zikiwa zimekusanyika katika vikundi badala ya kuenea sawasawa. Maana yake kwa mchumaji ni kwamba akiona mmoja asimame, achuchumae na kutazama pande zote kwa usawa wa ardhi kabla ya kupiga hatua nyingine. Mwaka 2015, baada ya moto mkubwa wa mwaka 2014 katika Northwest Territories ya Kanada, wachumaji walisafiri kutoka mbali kwenda huko kwa ajili ya moreli za kuuza.

Msimu wa milimani pia hurefuka kwa namna ambayo bondeni haiwezekani. Uyoga huanza kwenye miteremko ya chini mwishoni mwa Aprili au Mei, kisha hupanda mlima ukifuata theluji inayoyeyuka, hadi Juni na hata Julai katika sehemu za juu. Aliyechelewa kwa wiki mbili Iowa amekosa msimu. Aliyechelewa kwa wiki mbili Montana anapanda tu mita mia tatu zaidi.

Lakini moto haukumbuki mtu. Mchumaji wa elmu aliyekaa katika wilaya moja kwa miaka kumi anamiliki elimu isiyoweza kununuliwa, wakati mchumaji wa milimani kila mwaka anaanza upya na ramani mpya, barabara mpya na mlima asioufahamu. Wapo wanaoipenda hali hiyo, maana mgeni na mwenyeji huanza karibu sawa. Kwa mhamiaji asiye na babu wa kumwonyesha mahali pa siri, hili si jambo dogo, na ndilo linalonifanya nisiudharau msitu ulioungua hata ninapompendekezea mtu mwingine elmu.

Hatari za kila upande

Hatari za majimbo ya kati ni ndogo lakini ni za kila siku. Kupe mdogo mwenye miguu myeusi hueneza ugonjwa wa Lyme, unaotokana na bakteria, hasa Wisconsin na Minnesota, kwa hiyo suruali iingizwe ndani ya soksi na kila mtoto akaguliwe mwili mzima jioni. Kuna mmea wa majani matatu matatu unaowasha ngozi kwa siku nyingi, na hupenda kukua palepale penye elmu. Jambo ambalo wageni hawalijui kabisa ni uwindaji wa bata mzinga wa porini, ambao msimu wake wa Aprili na Mei huangukia ule ule wa moreli: kichwa cha dume huwa chekundu, cheupe na cha buluu, hivyo asiyetaka kudhaniwa kuwa ndege asivae rangi hizo. Kofia ya rangi ya machungwa inayong'aa inatosha.

Msitu ulioungua una hatari chache, lakini kila moja inaweza kuua. Miti iliyokufa ikiwa imesimama huanguka bila onyo na wakati mwingine bila upepo, na haianguki kwa kishindo cha kutosha kumwamsha aliyeinama akitazama chini. Siku ya upepo ni siku ya kubaki kambini, na hema lisisimikwe chini ya mti uliokufa hata kama kivuli kinavutia. Mizizi mikubwa iliyoungulia chini ya ardhi huacha mashimo yaliyofunikwa na tabaka jembamba la majivu, na mguu unaozama humo huweza kuvunjika. Mvua kubwa kwenye mteremko usio na mimea huleta maporomoko ya matope. Kaskazini magharibi mwa Montana na karibu na hifadhi ya Yellowstone kuna dubu wakubwa wa kahawia, na dawa ya kuwapulizia inapaswa kuning'inia kiunoni, si kukaa ndani ya begi. Simu mara nyingi hazina mtandao. Sioni sababu ya kumpeleka mtoto mdogo huko, na sijaona hoja iliyonishawishi vinginevyo.

Kuna hatari ya tatu ambayo ni ya mchumaji mwenyewe, hasa aliyelelewa katika misitu ya miombo. Uyoga wa jamii ya Amanita huliwa kwa furaha katika miombo, na wenye kuujua huutambua tangu utotoni. Marekani, jamaa zake wa karibu, ikiwemo Amanita phalloides na ile nyeupe iitwayo Amanita bisporigera, huharibu ini na kuua. Anayekwenda kutafuta moreli achukue moreli peke yake, na macho yaliyozoea ya nyumbani yasipewe ruhusa ya kuamua juu ya uyoga mwingine.

Moreli nazo zina bandia zake, na ziko pande zote mbili. Gyromitra ina kofia yenye mikunjo mikunjo badala ya vishimo, na ikipasuliwa huonyesha ndani vyumba vilivyojaa. Majimbo ya kati yana aina kubwa nyekundu-kahawia, na milimani kuna aina inayotoka kando ya theluji inayoyeyuka. Baadhi ya aina hizo zina sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kemikali ileile inayotumika kuendeshea roketi. Wafini huila baada ya kuichemsha zaidi ya mara moja na kumwaga maji, na huko huuzwa pamoja na maelekezo ya maandishi, lakini huo ni utaratibu wa watu waliouzoea, na mgeni hana la kufaidi kwa kuujaribu. Verpa ni bandia nyingine, ambayo kofia yake huning'inia ikiwa imeshikwa kileleni tu, na shina lake limejaa nyuzi laini.

Ardhi ni ya nani

Katika jambo hili magharibi inashinda kwa mbali. Sehemu kubwa ya ardhi ya Iowa na Illinois ni mali ya watu binafsi, na kuingia bila ruhusa ni kosa. Mchumaji hana budi kugonga mlango wa mwenye shamba na kuomba, na wengi wa wenye mashamba hukataa kwa sababu wao wenyewe wanautaka uyoga huo. Mbuga za jimbo ndizo kimbilio. Missouri na Iowa huruhusu kuchuma humo kwa ajili ya kula nyumbani, ila kila aliye na wazo hilo naye yuko humo Jumamosi asubuhi. Minnesota imeipenda moreli kiasi cha kuifanya uyoga rasmi wa jimbo mwaka 1984, na Boyne City huko Michigan huifanyia tamasha kila Mei, kwa hiyo ushindani ni wa kweli.

Milimani, misitu ya taifa ni ya umma na ni mikubwa. Kila msitu una kanuni zake: baadhi hutoa kibali cha bure cha matumizi ya nyumbani, huweka kikomo cha kiasi kwa siku, na katika maeneo mengi yaliyoungua humtaka anayechuma kwa ajili ya kula aupasue kila uyoga kwa urefu palepale, ili usichanganyike na wa biashara. Anayetaka kuuza hulipia kibali kingine. Maeneo mengine hufungwa kabisa kwa usalama baada ya moto, na alama ya kufungwa si pendekezo. Ofisi ya msitu husika hupokea simu na hujibu maswali haya kwa upole. Ni bora kupiga kabla ya kuondoka.

Kwa upande wa kuuza, asidhani mtu kwamba bei ya dukani ndiyo atakayolipwa. Majimbo kadhaa, Iowa ikiwemo, humtaka muuzaji wa moreli awe na uthibitisho kwamba uyoga umetambuliwa na mtu aliyefunzwa, na wanunuzi wa kando ya barabara kule milimani hulipa sehemu ndogo tu ya bei ya rejareja, hasa wakati mavuno yamefurika.

Jikoni

Hapa pande mbili zinakutana, kwa maana kanuni ni moja: moreli hailiwi mbichi. Mwaka 2023, huko Bozeman, Montana, watu 51 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula katika mgahawa mmoja, na uchunguzi ulizihusisha moreli zilizoandaliwa zikiwa mbichi au hazijaiva. Moreli hizo zilikuwa za kupandwa, zilizoagizwa kutoka China, jambo linaloonyesha kwamba tatizo halikuwa la mtu aliyekosea kutambua uyoga wa porini. Zikaangwe au zichemke hadi ziive kabisa, si chini ya dakika 10 hadi 15, na anayezila kwa mara ya kwanza ale chache na aache kilevi siku hiyo, kwa kuwa wapo wanaosumbuliwa tumboni wakivichanganya.

Usafi unatofautiana kidogo. Ile ya njano hubeba mchanga na wadudu, na kupasuliwa na kusuuzwa haraka kunatosha. Ile ya msitu ulioungua hubeba majivu ndani ya vishimo, na mchumaji aliyeing'oa badala ya kuikata kwa kisu juu ya udongo atayatafuna majivu hayo hata baada ya kuosha mara tatu.

Hesabu ya safari

Turudi sasa kwa yule aliyeko Iowa, tuseme anaishi mjini Des Moines. Kutoka kwake hadi Missoula ni zaidi ya kilomita 2,000, yaani siku mbili za barabarani kwenda na mbili kurudi. Akichukua likizo ya wiki moja, atabaki na siku tatu za msituni, ambazo moja italiwa na kutafuta mteremko unaofaa na nyingine inaweza kuharibiwa na upepo. Moreli mbichi ni maji kwa takriban sehemu tisa katika kumi, hivyo kilo kumi alizochuma zitamwachia kilo moja kavu. Ukijumlisha mafuta, chakula na vifaa, kilo hiyo inaweza kumgharimu zaidi ya bei ya dukani, na kibali cha matumizi ya nyumbani hakimruhusu kuiuza ili afidie. Kwa uyoga peke yake, jibu langu ni asiende.

Ila kalenda inampa mwanya ambao watu wengi hawauoni kwa sababu wamezoea kuyaweka mambo haya mawili kama mahasimu. Msimu wa elmu huko Iowa humalizika katikati ya Mei. Sehemu za juu za Montana na Idaho huwa hazijafikia kilele hadi Juni. Mtu mwenye ndugu Missoula au Boise, ambako familia nyingi za Kikongo zimepewa makazi, anaweza kumaliza elmu zake kwanza, kisha akapanga ziara ya kifamilia mwezi Juni shule zinapofungwa, watoto wakabaki na shangazi mjini na watu wazima wakapanda mlimani kwa siku mbili. Katika mpango huo nauli tayari imelipwa na ziara, na uyoga ni faida.

Atakayefanya hivyo abebe mifuko ya wavu badala ya ya plastiki, maana uyoga uliofungiwa kwenye plastiki huanza kuoza kabla ya jioni. Abebe pia nyavu za kukaushia, azitandaze kivulini kwa mwenyeji wake siku hiyo hiyo, na asianze safari ya kurudi hadi vipande vivunjike kwa mlio vinapokunjwa. Ikiwa mwaka huo hakuna msitu wa misonobari ulioungua kiangazi kilichopita katika umbali wa saa mbili au tatu kutoka kwa mwenyeji, aende kusalimia tu na aache kisu nyumbani.